Mwaka Ambao Ba Alinifundisha Kapha

Rupa alinipigia simu Jumatatu asubuhi kunieleza kwamba baba yake amefariki huko Dar es Salaam, na kwamba wamekwisha kumchoma kama ilivyo desturi yao, kabla mimi sijapata hata nafasi ya kutafuta tiketi ya basi. Nilimpa pole. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea. "Anti Skola, ile dawa ya kifua ya bibi yangu Ba, unaikumbuka? Hakuna aliyeiandika. Baba ndiye aliyekuwa akisema anaijua, na sasa naye hayupo." Nikamwambia naikumbuka. Nikamtajia tangawizi kavu, pilipili manga, na ile pilipili ndefu ya Kihindi inayofanana na kidole cha mtoto kilichokauka, vyote kwa kipimo kimoja, visagwe laini, vilambwe kwa asali ambayo haijaguswa na moto. Alikuwa akiandika. Kisha akauliza, "Na wewe mwenyewe uliitumia? Ilikusaidia?" Nikamjibu kwamba nitampigia baadaye, kuna mtu mlangoni. Hapakuwa na mtu mlangoni. Nilibaki nimekaa jikoni kwangu hapa Matogoro hadi chai ikapoa, mwanamke mwenye wajukuu, moyo ukinidunda kama wa msichana aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na nilikuwa nauza katika duka la baba yake Rupa, Bwana Kirit, mjini Songea. Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka ambayo tangu utoto wangu niliyajua kwa rafu tupu na foleni za kanga yalianza kujaa vitu ambavyo wengine wetu hatukujua majina yake: sabuni za kila rangi, biskuti za pakiti, redio za kaseti. Sokoni marobota ya mitumba yalifunguliwa watu wakisukumana. Duka la Kirit lilikuwa la vitambaa, nyuzi na vifungo, na nyuma yake kulikuwa na ua mdogo wa saruji, jiko na vyumba vya familia. Mkewe alikuwa Dar es Salaam kwa wazazi wake akisubiri kujifungua mtoto wa pili, maana mimba ile ilimsumbua, kwa hiyo nyumba ilibaki na watu watatu: Kirit, mama yake tuliyemwita Ba kwa sababu hivyo ndivyo mwanawe alivyomwita, na Rupa, aliyekuwa na miaka mitatu na aliyependa kubebwa mgongoni kuliko kutembea. Kumbeba hakukuwa sehemu ya kazi yangu, lakini mchana wateja wakipungua Ba aliniletea mtoto pamoja na kanga, nami nikamfunga mgongoni nikaendelea kupima vitambaa. Alilala kichwa chake kikiwa katikati ya mabega yangu. Nataka jambo hilo lieleweke mapema, kwamba pumzi yake na yangu zilikuwa karibu kiasi hicho, kwa sababu sehemu kubwa ya hofu yangu ya mwaka ule ilitoka hapo.

Kazi ile nilitafutiwa na Oliva. Yeye alikuwa ameuza katika duka hilo kabla yangu, na tulipanga chumba kimoja huku huku Matogoro, pembeni ya mji, chini ya vilima, chumba chenye kitanda kimoja na dirisha moja tulilolifunga muda wote kwa sababu ya baridi na ukungu. Tulipikia humo humo. Tulikula ugali na dagaa wa Nyasa kutoka sahani moja, tukanywa chai kwa kikombe kimoja cha bati kwa kuwa cha pili kilitoboka. Oliva alikuwa mwepesi wa kucheka, na alipoanza kukohoa alikifanyia mzaha kikohozi chake, akasema ni vumbi la vitambaa vya Kirit linataka kulipwa mshahara. Baadaye mzaha ukaisha. Akawa anaegemea ukuta kwa kuwa akilala chali alikosa pumzi, nami nikimshika mgongo kila anapokohoa, mfupa kwa mfupa chini ya kiganja changu. Kaka yake alikuja kumchukua kumpeleka kwao, upande wa Hanga. Akiwa tayari amekaa kwenye gari alinishika mkono akasema, "Mlongo wangu, usimpe mtu nafasi yangu kitandani." Mlongo ni ndugu, kwa lugha ya kwetu, na Oliva hakuwa ndugu yangu wa damu. Kabla ya Pasaka tukaletewa habari kwamba amezikwa.

Hakuna aliyesema amekufa kwa ugonjwa gani. Wanawake waliokuja kununua uzi walizungumza juu ya kaunta kana kwamba mimi ni sehemu ya rafu. Mmoja alisema, "Kifua kile hakikuwa kifua tu." Mwingine akajibu, "Siku hizi kifua ni mlango. Nyuma yake yupo mwenyewe." Wakanitazama, wakachagua uzi. Ilikuwa miaka ambayo ugonjwa ule mpya uliitwa kwa majina ya kuzungukazunguka, na mtu akionekana anakohoa, majirani walianza kuhesabu alikuwa akitembea na nani. Nilirudi chumbani nikafua mablanketi, nikasugua kikombe kwa majivu hadi kikang'aa, halafu nikaendelea kukinywea kwa kuwa sikuwa na kingine.

Mimi nilianza kukohoa mwezi wa Mei, mvua zilipokatika na ukungu ukaanza kushuka kutoka vilimani asubuhi. Kwanza kilikuwa kikohozi kidogo, cha kusafisha koo. Kisha kifua kikawa kizito, makohozi meupe mazito, mwili umelegea, na usingizi wa mchana unanivuta nikiwa nimesimama na mkasi mkononi. Nilikuwa msichana mnene, mpole, mzito wa mwendo. Shuleni waliniita Gunia. Kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu kwamba nimezidi kuwa mzito, isipokuwa Ba. Siku moja baada ya chakula cha mchana aliniita chumbani kwake, mahali ambapo sikuwahi kuingia.

Kilikuwa chumba kidogo chenye harufu ya bizari na ubani. Kwenye kona kulikuwa na taa ya mafuta mbele ya picha za miungu yake, na ukutani rafu ya makopo ya maziwa ya unga yaliyobandikwa karatasi zenye maandishi ya Kigujarati. Mlangoni kwa nje mrehani uliota ndani ya debe. Baba yake Ba alikuwa mganga wa tiba za Kihindi huko Lindi, ambako Ba alizaliwa, ndiyo maana alisema Kiswahili cha pwani kilichonyooka kuliko changu. "Shikamoo, Ba," nikasema. "Marahaba, mwanangu. Kaa hapo penye mwanga. Toa ulimi." Nikautoa. Aliutazama kama mtu anayesoma barua. Kisha akanishika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, akafumba macho, na mimi nikazuia pumzi.

"Unaamka umechoka?" akauliza.

"Ndiyo, Ba."

"Kifua kama kimewekewa jiwe. Chakula hukitamani, lakini kitanda unakitamani."

"Ndiyo."

"Mapigo yako yanakwenda kama bata majini. Polepole, kwa upana. Hiyo ni kapha." Akafumbua macho. "Unaogopa nini, Skola?"

Nikasema siogopi kitu. Aliuachia mkono wangu, akanieleza, na maelezo yale nayakumbuka karibu neno kwa neno kwa sababu yaliingia ndani yangu kama chakula kwa mwenye njaa. Alisema mwili wa mtu unaendeshwa na nguvu tatu. Ya kwanza ni ya upepo, nayo ndiyo inayotembeza kila kitu. Ya pili ni ya moto, inayopika chakula na fikra. Ya tatu ni ya maji na udongo, nayo ndiyo kapha. Kila mtu anazo zote, ila mmoja huzaliwa na upepo mwingi, mwingine moto mwingi, na wengine, kama mimi, udongo na maji. "Si ugonjwa," akasema. "Mtu wa kapha ana nguvu, ana subira, akijifunza kitu hakisahau, akimpenda mtu hamwachi. Kapha ndiyo inayovishikilia viungo visiachane. Lakini ikizidi, udongo na maji huwa nini? Tope. Linakaa kifuani. Linashika na halitaki kuachia." Tangu nizaliwe uzito wangu ulikuwa kitu cha kuchekwa. Siku ile ulipata jina, na jina lenyewe lilikuwa zuri. Na zaidi ya hayo, nilichokuwa nacho kilikuwa na jina lisilokuwa lile la Oliva. Nililishika jina hilo kwa mikono miwili.

Dawa ya kapha, alisema Ba, ni kinyume chake. Kapha ni baridi, basi mtu ajipashe moto. Ni nzito, basi ale vyepesi. Ni ya majimaji, basi akauke. Ni ya kukaa, basi aondoke aende. Akanipiga marufuku maziwa, mtindi, ndizi mbivu, karanga, wali wa mchele mpya na usingizi wa mchana. Badala yake nikala uji wa ulezi bila sukari, choroko zilizopikwa na manjano na tangawizi, karela, mboga chungu ya Kihindi iliyonifanya nifumbe macho, mnavu, na maji ya moto siku nzima. Chakula kikubwa kiwe cha mchana jua likiwa juu, cha jioni kiwe kidogo na mapema. Asubuhi kabla ya kuoga nijisugue mwili mzima kwa unga mkavu wa dengu, kutoka miguuni kuelekea moyoni. Niamke kabla jua halijachomoza, nisukutue kwa maji ya chumvi, nitembee kwa haraka hadi jasho litoke. Na kila mara kabla ya chakula, nilambe ule mchanganyiko wa pilipili mbili na tangawizi kwa asali. Alinipimia mwenyewe kwa ncha ya kijiko, na Rupa akasimama pembeni akiniigiza, akikunja uso kana kwamba yeye ndiye anayelamba.

Kwa wiki kadhaa nilipona. Siwezi kusema vingine. Makohozi yalilainika, pua ikafunguka, usingizi wa mchana ukaniacha. Nilitembea alfajiri kwenye njia ya vilimani, umande ukinilowesha magoti, nikarudi na njaa ya kweli. Bwana Kirit, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alisema siku moja akipita nyuma ya kaunta, "Skola sasa anafanya kazi ya watu wawili." Ba alisikia jikoni akacheka. Nadhani katika miaka yake yote Songea hakuwa amepata mwanafunzi. Wanawe walimwona mshamba na makopo yake, mkwewe aliamini vidonge vya famasi. Mimi nilimsikiliza. Jioni tukipembua choroko kwenye ungo alinieleza kwamba kapha haikai kifuani tu, inakaa na moyoni. Mtu ambaye kapha yake imezidi hung'ang'ania vitu, huzuni ya zamani, nguo za zamani, maneno ambayo angepaswa kuyasema akayameza. Alisema hivyo bila kunitazama, akiendelea kutoa vijiwe. Sikuwahi kumwambia kwamba Oliva aliyekuwa akiuza dukani kwao alilala kitanda kimoja na mimi. Alijua tu kwamba tulifahamiana.

Ilipofika katikati ya kipupwe nguo zikaanza kunilegea. Ba alifurahi. Alinizungusha pale uani, akanishika kiuno, akasema, "Unaona? Tope linaondoka." Nikacheka naye, lakini ndani yangu kitu kilikuwa kimesimama wima, maana gauni la bluu nililoachiwa na Oliva lilikuwa linanining'inia mabegani vile vile lilivyomning'inia yeye. Kikohozi kilikuwa kimerudi na sasa kilikuwa kikavu kidogo na kirefu. Nilikuwa naamka shuka limelowa jasho na mwili una baridi. Sikumwambia Ba kuhusu jasho. Dawa yenyewe ilikuwa ya kutoa jasho na kupunguza mwili, na mimi nilikuwa natoa jasho na napungua mwili. Nani angeweza kutofautisha? Nilijiambia hivyo kila nilipovaa. Leo, nikiwa na umri unaokaribia ule aliokuwa nao Ba, naona kwamba sikuwa mjinga. Nilikuwa nimepewa mlango wa kujificha na nikaingia.

Damu niliiona Alhamisi asubuhi, njiani nikirudi kutoka vilimani. Nilikohoa kwenye leso, na katikati ya kohozi palikuwa na uzi mwembamba mwekundu. Nilisimama pale. Mtu akapita na jembe begani akanisalimia nikamjibu. Niliikunja leso mara nne. Nilikwenda dukani, nikaifua kwenye bomba la uani kabla ya kufungua, nikaianika kwenye kamba nyuma ya mashuka, nikasimama kwenye kaunta nikampimia mteja wa kwanza kitambaa cha sare, mikono haitetemeki. Na mchana Ba aliponiletea Rupa na kanga, nilimgeuzia mgongo nikainama, kama kawaida, mtoto akapanda.

Siku tisa nilikaa hivyo. Nimejaribu mara nyingi kujieleza siku zile na sijafaulu kujitetea. Nilijua. Nilikuwa nimeshika mgongo wa Oliva kwa mikono yangu. Lakini nilijua pia kwamba nikisema ukweli nitatoka dukani, nitatoka chumbani, nitarudishwa kwetu juu ya gari kama yeye, na wanawake watanunua uzi wakisema walijua tangu mwanzo. Niliiogopa aibu kuliko kifo, na nilikiogopa kifo sana. Nikawa nageuza uso nikikohoa. Nikawa natafuta visingizio vya kutombeba mtoto, kisha nambeba. Siku ya tatu au ya nne nyumba nayo ikaanza kubadilika. Ba alinipa kikombe changu mwenyewe, cha kijani, akasema vingine vina nyufa. Akaacha kumleta Rupa mchana. Alisema mtoto amekua, atembee, asije naye akawa mtu wa kapha. Aliniongezea dawa, mara mbili ya kipimo, na aliponipa hakunitazama usoni. Adhuhuri moja nikiwa naosha kikombe hicho jikoni nilimsikia akizungumza na Kirit chumbani kwa Kigujarati, kwa sauti ya chini. Sikujua lugha ile, ila nililisikia neno kapha likitajwa na Ba, kisha Kirit akasema neno lingine ambalo nililijua kwa lugha yoyote. Tibii. Ba akalirudia neno lake, kapha, kwa ukali. Nikafunga bomba nikajiambia wanazungumza habari za mteja.

Siku ya tisa, Ijumaa, nilikuwa nakunywa uji uani Rupa akaja na kipande cha chapati, akaketi kwenye ngazi, akakohoa. Kikohozi kidogo cha mtoto. Akakohoa tena, akaendelea kula. Ba alikuwa amesimama mlangoni na kijiko mkononi, na kijiko hakikusogea. Niliweka bakuli chini. Sikuchukua hata kanga yangu. Nilitoka kwa mlango wa nyuma nikatembea hadi hospitali, nikakaa kwenye benchi miongoni mwa watu waliokuwa wakikohoa kama mimi, na zamu yangu ilipofika nikamwambia nesi maneno ambayo sikuwahi kuyatamka kwa sauti. "Nakohoa damu. Niliishi na mtu aliyekohoa akafa. Kuna mtoto."

Nesi alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani. Hakushtuka. Alinipa kikopo nitemee makohozi, akaniambia nilete na mengine kesho yake asubuhi. Yale yale makohozi ambayo Ba aliyasoma kwa rangi na uzito wake, hapa yalipakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini. Sikurudi dukani siku ile. Nilikaa chumbani na dirisha nimelifungua wazi, baridi yote ikiingia, nikisubiri. Walichokipata ni kifua kikuu. Nesi aliniambia kinatibika, niko mapema, nitalazwa miezi miwili kwa sindano za kila siku kisha nitaendelea na vidonge nyumbani. Nikamuuliza kuhusu ule mwingine. Akasema, "Hapa tunatibu hiki tulichokiona. Mtoto unayemsema aletwe leo." Huo mwingine nilikuja kuupima baada ya miaka, nikakutwa sina, lakini wakati ule sikujua, na wodini kila mtu aliyechukuliwa kitanda kikabaki kitupu nilimhesabu kama mimi.

Kabla ya kulazwa nilikwenda dukani nikasimama nje ya mlango wa ua. Nilimwambia Ba kutokea pale, bila kuingia. Nilitaja ugonjwa kwa jina lake. Nilimwambia kuhusu Oliva, kitanda kimoja na kikombe kimoja. Sikumwambia kuhusu siku tisa. Ba alishika mlango kwa mkono mmoja, uso wake umekuwa rangi ya majivu, akasema neno moja tu, "Mtoto?" Nikasema wameniambia apelekwe leo. Aliingia ndani akaita, na nikawaona wakitoka kwa mbele, Kirit amembeba Rupa, Ba nyuma yao na kandambili za jikoni, bila ushungi wake, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona barabarani kichwa wazi.

Wiki tatu za mwanzo wodini sikupata habari yoyote. Chakula kilikuja kila siku kutoka dukani, kikiletwa na mfanyakazi mpya aliyekiweka kwenye ngazi na kuondoka haraka. Sindano ziliniachia mapaja magumu na masikio yanayovuma. Nililala nikisikiliza vitanda vingine vikikohoa, nikimwona Rupa katika kila kimoja. Sikuthubutu kuuliza. Wiki ya tatu ilipoisha nesi aliniambia mtoto alipigwa picha na kuangaliwa, hana ugonjwa, alikuwa na mafua, amepewa vidonge vya kinga vya miezi kadhaa. Nilimwuliza mara tatu katika siku moja kama ana hakika, na mara ya tatu akakaa kitandani kwangu akanieleza upya, polepole.

Ba alikuja siku iliyofuata. Alikuja peke yake, kwa miguu, amevaa sari nyeupe ya ujane iliyopigwa pasi. Wagonjwa wanaoweza kutembea tuliruhusiwa kukaa barazani juani, na hapo ndipo aliponikuta. Nilisimama. "Shikamoo, Ba." "Marahaba. Kaa." Alikaa upande wa pili wa benchi. Katika kikapu chake kulikuwa na chupa ya chai iliyojaa maziwa ya moto, na ndizi mbivu, na kashata za karanga. Nilivitazama vitu vile nikadhani nimesahau somo.

"Ba, hivi si vinaongeza kapha?"

"Vinaongeza," akasema. "Kunywa. Umebaki upepo mtupu. Sasa unahitaji udongo na maji." Alinimiminia. Maziwa yalimwagika kidogo kwenye benchi, akayafuta kwa ncha ya sari. "Mimi nilikukausha, Skola. Mtu anayeliwa na ugonjwa, mimi nikampunguzia chakula nikamtembeza kwenye baridi. Baba yangu asingefanya hivyo. Baba yangu alikuwa akimwona mtu anakonda, anampeleka kwa daktari wa serikali siku hiyo hiyo, anasema haya si yangu. Mimi niliona unakonda nikafurahi."

Katika maisha yangu hakuna mtu mzima aliyewahi kukiri kosa mbele yangu. Maziwa yalikuwa matamu, na mwili wangu uliyapokea kwa njaa iliyonitia aibu. Nikajua kwamba nikinyamaza, kosa litabaki lake peke yake, na yeye ataondoka nalo, na hakuna mtu atakayejua kamwe. Ilinichukua muda. Jua lilisogea kwenye saruji hadi likafika vidole vyangu vya miguu. Kisha nikamwambia. Nilimwambia kwamba niliiona damu, na kwamba niliendelea kumbeba mjukuu wake mgongoni, na kwamba nilificha siku tisa. Nilisema nikitazama kikombe.

Nilidhani atasimama aondoke, na ningemwelewa.

"Najua," akasema. "Siku ya pili niliiona leso kwenye kamba, nyuma ya mashuka. Damu ukiifua kwa maji peke yake haitoki yote." Alikuwa akitazama mbele, kwenye uwanja ambako mwanamke mmoja alikuwa akitandaza mablanketi ya wodi. "Kirit aliniuliza. Nikamwambia ni kapha. Nikakupa kikombe chako, nikamwondoa mtoto mgongoni mwako, nikakuongezea dawa. Lakini kukuuliza sikukuuliza. Niliogopa."

"Uliogopa nini, Ba?"

"Niliogopa kwamba ungenijibu."

Alibaki mpaka kengele ya kuwatoa wageni ilipolia, na hata hapo hakuinuka mara moja. Alimenya ndizi, akaikata vipande viwili. Nusu alinipa mimi, nusu akaila mwenyewe, ameketi kwenye benchi la wagonjwa wa kifua kikuu, kila mpita njia akimwona.